Kaka Yangu Alivyobebwa Juu Juu

Sehemu ya sita

Tuliachana katibu wa klabu ameshakata simu, na kaka yangu bado kaibana sikioni kama anasikiliza mpira redioni.

Kama ulipitwa, nakuweka sawa harakaharaka. Kaka ni beki wa kati. Mtaa mzima unamwita Komeo, maana enzi zile yuko timu ya vijana ya klabu yetu, mshambuliaji akifika kwake ndiyo mlango umefungwa, arudi alikotoka. Wakampandisha timu kubwa. Hata jezi haijazoea mwili wake, akavunjika kifundo cha mguu wa kushoto. Klabu ikamwambia pole kijana, ukipona utatukuta.

Alipopona hakuwakuta.

Akaenda kuchezea katimu fulani ka mbali, katimu kenyewe kakafa. Akarudi nyumbani, akawa anachomelea mageti. Ndiyo, Komeo akawa anatengeneza makomeo. Watu walicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Sasa mabeki wa klabu wameumia kwa mpigo, dirisha la usajili linakaribia kufungwa, na kocha mpya alimwona kaka kwenye mechi ya mafundi wa karakana, akauliza yule ni nani. Ndipo katibu akapiga. Njoo Jumatatu asubuhi, daktari akupime. Ukipita, unasaini palepale. Na tafadhali, usimwambie mtu.

Naapa kwa chaji ya simu yangu, mimi sikumwambia mtu.

Redio ndiyo ilisema. Jumapili asubuhi tu, mtangazaji kapiga chafya, kaomba radhi, halafu: tetesi zinasema klabu inafikiria kumrudisha beki wake wa zamani wa timu ya vijana.

Kundi letu la mashabiki likalipuka. Admini ni mimi. Simu ilitetemeka mpaka ikaanza kutembea yenyewe mezani, nikaidaka ukingoni.

Kabla sijamaliza kusoma, watu wakaanza kuingia dukani.

Duka ni la Shangazi. Tunabandika majina na namba kwenye jezi. Unaleta jezi, unataja jina, Shangazi anapanga herufi, anashusha mashine ya moto, anahesabu kwa midomo bila sauti, anainua, umeshakuwa mchezaji. Huku nyuma ya pazia kuna vyumba viwili na kiua kidogo. Ndiko tunakoishi, mimi, kaka na yeye. Ametulea tangu tunavaa kaptula.

Na duka lina sheria moja, mtaa mzima unaijua. Shangazi habandiki jina la mchezaji ambaye klabu haijamtangaza. Hata umlie miguuni. Aliwahi kubandika la mtu ambaye mwishowe hakuja, jezi zikamdodea, tangu siku hiyo kasema mimi na tetesi basi. Watu wengine wakisikia usajili wanafungua redio. Wa mtaani kwetu wanakuja kuchungulia ukutani kwa Shangazi, anakotundika jezi alizobandika.

Jumapili hiyo walikuja, wakachungulia, ukuta kimya. Wakakaa hapohapo kubishana.

"Mnataka kutupashia kiporo," alianza Mwalimu.

Huyu Mwalimu anafundisha hesabu. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, katibu wa klabu naye kapita hapohapo. Mpaka leo katibu akitaka kujua mtaa unasemaje, anamtumia Mwalimu ujumbe. Kwa hiyo akiongea yeye, ni kama maneno yameshafika ofisini.

"Kiporo kingine kinaliwa asubuhi na watu wanagombania sufuria," akajibu Mwenyekiti wa tawi, mtu wa kifua na sauti, ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe.

"Yule ni mtoto wetu," akasema Muuza Magodoro. "Kakulia klabuni. Hao wanaotoka mbali wanakuja, wanapiga picha na shada la maua, wanaumwa tumbo mpaka mkataba unaisha."

"Mtoto wetu sawa," Mwalimu akasema. "Ila goli likiingia haliulizi mtoto wa nani."

Watu wakaguna. Mimi nikafungua mdomo.

"Wewe nyamaza," Mwenyekiti akaniwahi. "Wewe ni damu. Damu haina kura hapa."

Sasa nifanyeje? Nikimtetea, ni kwa sababu ni ndugu. Nikinyamaza, mbona hata ndugu yake kanyamaza. Nikashika simu yangu kwa mikono miwili, nikakaa juu ya boksi la jezi.

Na kinachouma, kaka alikuwa humohumo. Hatua chache tu, nyuma ya pazia, kiuani, anasugua viatu vyake vya mpira kwa brashi. Nilikuwa nasikia ile brashi. Kila wakitaja jina lake, brashi inasimama. Wakiendelea, nayo inaendelea.

"Swali langu moja tu," Mwalimu akasema, na alivyosema unajua kabisa huyu mtu amezoea ubao. "Anaruka?"

Muuza Magodoro akaanza kukunja jezi isiyo yake.

"Nauliza, anaruka? Mimi nilikwenda kuiangalia ile mechi ya mafundi. Kila kona yeye yuko chini. Mpira unapita juu, anausindikiza kwa macho kama mgeni anaondoka. Beki wa kati asiyeruka ni nguzo ya umeme."

"Nguzo ya umeme nayo mtu akiivaa anaijua," akasema Muuza Magodoro.

Duka zima likavunjika mbavu. Hata Mwalimu alitabasamu, lakini hakuachia.

"Mguu wa kushoto ndio anaorukia. Ndio uliovunjika. Mtu akishaumia pale, mguu unapona, kichwa hakiponi. Anaogopa kutua. Msimlaumu, ila msitubebeshe."

Brashi ikasimama. Safari hii haikuendelea.

Sasa nikwambie nilichokuwa nacho mkononi. Mwalimu alisema kweli kuhusu ile mechi. Lakini wiki hiyohiyo, kiuani kwetu, kaka alifunga mpira kwenye kamba ya kuanikia, juu kabisa, akawa anaurukia. Siku zote kwa kulia. Alhamisi akasimama, akajipangusa uso, akaniambia geuka ukutani. Niligeuka. Lakini simu yangu haikugeuka, niliiegemeza begani. Aliruka kwa kushoto. Akaupiga ule mpira kwa kichwa mpaka kamba ikalia, akatua, akakaa chini akicheka mwenyewe kama kichaa.

Hiyo video ninayo. Nilimwonyesha Jumamosi. Akaniambia, "Mdogo wangu, ukimwonyesha mtu nakunyonga. Sitaki kuonekana najipigia debe. Kesho kutwa daktari ataona, kocha ataona, inatosha."

Basi nimekaa juu ya boksi, jibu la Mwalimu liko kwenye kiganja changu, na nimefungwa mdomo. Dole gumba lilikwenda kwenye video nikalirudisha. Likaenda tena. Nikalikalia.

"Kama hakuna anayejua kama anaruka," Mwalimu akahitimisha, "katibu akiniuliza leo nitamwambia mtaa haumtaki."

Hapo ndipo Shangazi alipoinuka.

Muda wote alikuwa nyuma ya mashine, anakata nyuzi za jezi ya mteja. Mkasi ukawa unakata nyuzi ambazo hazipo. Sasa akavuta jezi mpya kutoka kwenye mfuko. Akaitandika. Akachukua K. Akachukua O. Hakumwangalia mtu. Alipofika kwenye namba hakusita, akaweka tano, akashusha mashine kwa kishindo.

Midomo yake ikawa inahesabu. Moshi kidogo ukatoka pembeni.

"Shangazi," nikasema polepole, "unafanya nini?"

"Nimechoka kusikiliza," akasema. "Mtu akae kwenye nyumba yake asikie mwanawe anaitwa nguzo. Jezi hii ataivaa mwenyewe humu ndani, tutamwangalia mimi na wewe, basi."

Nilimwelewa. Ilikuwa hasira tu ya mama. Lakini alikuwa ananiambia mimi, kwa chini, na Mwenyekiti hakusikia maneno. Mwenyekiti aliona mashine ikiinuka, na KOMEO, na tano.

Akasimama. Nilimwona anavyobadilika uso, kama mtu aliyepigiwa simu na serikali.

"Shangazi amebandika," akasema.

Watu wote wakageuka.

"Jamani, Shangazi amebandika. Shangazi habandiki mtu ambaye hajatangazwa. Imeisha hiyo. Ameshasaini."

"Hapana," Shangazi akasema. "Hapana, nisikilizeni, hii ni yangu mwenyewe..."

Nani wa kumsikiliza? Mwaka hadi mwaka amewafundisha kwamba ukuta wake haudanganyi. Sasa ukuta umesema, mwenye ukuta anakanusha, wao wakaamini ukuta. Tena wakasema eti anakanusha kwa sababu klabu imemwambia afiche.

"Yuko ndani huyu," Muuza Magodoro akasema. "Mimi nilikuwa nasikia brashi."

Pazia likaenda na fimbo yake.

Kaka alikuwa kachuchumaa kiuani, kiatu kimoja mkononi, miguu mitupu. Alipoona watu akasimama, akataka kusema kitu. Nilisikia neno moja tu: "Subirini." Wakamvalisha jezi juu ya fulana yake, ikanasa kichwani, wakaivuta. Mikono ikamkamata mapajani, mgongoni, huyo juu.

"Mshusheni," nikasema. "Kesho anapimwa. Mshusheni, kesho anapimwa."

Niliisema siri yote, kwa sauti yote, na hakuna aliyeisikia. Walikuwa wanaimba.

Walipita naye dukani akainamisha kichwa asigonge mlango. Nje watu wakaongezeka. Mwenyekiti mbele kabisa, paja la kushoto la kaka liko begani kwake. Mimi nikashika shati la Mwenyekiti kwa nyuma, namvuta. Akadhani nacheza, akacheza na yeye.

Mbele ya duka letu kuna mtaro wenye vifuniko vya zege. Kimoja kimelegea tangu zamani. Sisi wa pale tunakiruka bila kufikiri. Mwenyekiti si wa pale.

Kifuniko kiligeuka kama sahani. Mwenyekiti akazama mguu mmoja, bega likashuka, upande wote wa kushoto ukaporomoka. Wa kulia walikuwa bado wanaimba, bado wanamwinua. Kaka akatoka juu kwa ubavu. Alinyoosha mguu ili atue.

Alinyoosha wa kushoto.

Nimejaribu kuandika nilichosikia nikafuta mara nyingi, basi niache.

Nyimbo zikakatika. Muuza Magodoro akashika kichwa. "Mungu wangu, na magodoro yako ng'ambo tu hapo," akasema, na wala hakuwa anatania, machozi yalikuwa yanamlenga.

Kaka akainuka. Peke yake. Alikataa mkono wa kila mtu, na wangu pia. Akajipangusa vumbi kwenye namba tano, akacheka.

"Mko na haraka gani, wazee wangu? Kuteleza tu. Niko sawa. Rudini nyumbani, mtanifanya nianze kudai ulinzi."

Wakacheka, kwa vile walitaka sana kucheka. Akageuka, akatembea mpaka dukani, mguu huu, mguu huu, sawasawa kabisa, kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Wakampigia makofi.

Mtu mmoja tu hakupiga. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye baraza la duka la pili, simu yake ameiinua usawa wa macho. Akaishusha taratibu, akaitia mfukoni, akaondoka.

Ndani, kaka alifika kwenye kitanda changu akakaa.

"Funga mlango," akasema.

Nikafunga. Akachukua taulo, akaliuma.

Shangazi alimpandisha suruali. Kifundo kilikuwa kimeshaanza kuvimba, kinavimba tunakiangalia. Akaleta maji baridi kwenye beseni. Maji yakamwagikia sakafuni, akawa anayafuta na wakati huohuo anayamwaga mengine.

"Ni mimi," akawa anasema. "Ni mkono wangu huu. Nilikuwa na haraka gani mimi?"

"Shangazi, acha," kaka akasema kupitia taulo.

"Nimpigie katibu," nikasema. "Nimwambie umeumia kidogo, asogeze siku."

Akalitoa taulo. "Dirisha linafungwa kesho jioni. Asogeze wapi?"

"Basi hospitali."

"Nikienda hospitali nitafungwa bandeji. Niingie kwa daktari wa klabu na bandeji?"

"Sasa utafanyaje?"

"Nitajikaza kisabuni," akasema. "Mpaka asubuhi uvimbe utashuka. Nitatembea mbele yake kama nilivyotembea sasa hivi. Mdogo wangu, niangalie. Ukipiga hiyo simu, mimi na wewe basi."

Hajawahi kuniambia hivyo. Hata nilipomuuzia viatu vyake, sehemu ya pili mnakumbuka, hakuniambia hivyo.

Nikafungua kundi, angalau nizime moto. Nikaandika: jamani hakuna taarifa rasmi. Wakanijibu kwa vicheko. Mwenyekiti alikuwa ameshaweka picha ya kaka yuko juu mabegani, jezi inang'aa. Karibu nyumbani Komeo. Nikafuta. Akaweka tena. Nikafuta. Wakaweka watu wengine, kila mtu na picha yake. Mimi admini, mwenye uwezo wote kwenye lile kundi, nilikuwa kama mtu anayefagia huku paa linavuja vumbi.

Picha zote ni za juu. Hakuna hata mmoja aliyeweka ya chini. Nilizipitia zote. Ya kuanguka haikuwepo.

Nikajua iko wapi.

Shangazi alikuwa ameivua ile jezi mwilini mwa kaka, amekaa nayo dukani, anakwangua K kwa ukucha. Herufi ikishapigwa moto haibanduki, ukilazimisha inaondoka na kitambaa. Yeye ndiye aliyenifundisha. Alikuwa anakwangua tu.

Jua bado liko juu ya mabati ya ng'ambo, mlango wa duka ukagongwa. Si kwa fujo. Kwa kidole, kama mtu anagonga ubaoni.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Naingia."

Hakusubiri nimkaribishe. Akavua kofia, akamwangalia Shangazi, akaiangalia jezi, akaniletea simu yake usoni. Akabonyeza.

Mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, maana safari hii hakukuwa na kelele za watu kufunika.

"Sijamtumia mtu," akasema. "Na mimi si mtu wa kufurahia. Mjue hivyo. Niliwaambia haruki, sikusema avunjike."

"Ifute basi, Mwalimu," Shangazi akasema. "Mwanangu, nakuomba. Ifute."

Alimwita mwanangu. Wana umri mmoja, labda Mwalimu kamzidi.

Mwalimu akabonyeza tena, akatuonyesha kitu kingine. Ujumbe wa katibu. Mfupi. Mwalimu, naona picha huko mtaani, watu wamefurahi. Kijana yuko vizuri? Nipe neno lako kabla sijamwandalia mkataba.

"Anasubiri," Mwalimu akasema. "Nikimwambia yuko vizuri, akaanguka mechi ya kwanza, mguu ule utakuwa umekwisha kabisa, na timu imebaki bila beki, na katibu nitakuwa nimemdanganya, mtoto niliyemfundisha asidanganye. Nikimtumia hii, kijana wenu kazi imeishia kwenye mtaro. Nimezunguka mtaa mzima nikifikiria. Nimeshindwa. Kwa hiyo nimekuja niulize swali langu lilelile."

Akanigeukia mimi.

"Wewe unalala naye chumba kimoja. Anaruka?"

Jamani. Video ya Alhamisi iko mkononi. Ni ya kweli, haina chumvi. Nikimwonyesha, nasema kweli ya Alhamisi kuficha ya Jumapili. Nikisema alikuwa anaruka, nimemuuza. Nikisema sijui, nimemuuza pia.

"Mwalimu, mimi..."

"Muulize mwenyewe."

Kaka alikuwa amesimama pale pazia lilipokuwa. Suruali ameishusha mpaka kwenye unyayo. Uso kaukaza, kajipaka maji kuficha jasho.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Sikuulizi. Kusema kila mtu anajua." Akatazama juu, kwenye kamba tunayotundikia jezi, akanyoosha mkono kwa Shangazi. Shangazi akaitoa ile jezi bila kuelewa. Mwalimu akapanda kwenye boksi langu, akaitundika KOMEO juu kabisa, chini ya dari. "Iguse kwa kichwa. Mara moja tu. Kwa kushoto. Ukitua umesimama, nafuta hii mbele yako na namwandikia katibu yuko vizuri. Ukishindwa, unaniruhusu nimtumie, na kesho unakwenda hospitali badala ya klabuni."

"Mwalimu, hiyo siyo haki," nikasema. Nadhani nilisema. Inawezekana nilifikiria tu.

Shangazi akakaa chini sakafuni.

Kaka aliitazama ile jezi, halafu akanitazama mimi. Hakuniuliza kitu. Akanipa taulo, lina alama za meno yake.

"Sogea kidogo, mdogo wangu. Nikianguka nisije nikakuangukia."

Nikasogea. Ndicho kitu pekee nilichoweza kukifanya siku nzima.

Akainua mguu wa kulia kutoka sakafuni. Uzito wote ukahamia kushoto, nikaona shingo yake inakaza. Mwalimu akaishika simu kwa mikono miwili, dole gumba juu ya kioo.

Kaka akakunja goti.